Tupeane uzoefu: Ulifungaje kazi ya ukarabati wa nyumba mpaka fundi akaondoka jumla?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu.

Kumpata fundi na kukadiria vifaa tumeshajadili sana. Leo nataka tuzungumzie zile siku za mwisho: rangi imepakwa, vigae vimelala, nyumba inapendeza, fundi anakusanya vifaa vyake na anasubiri hela iliyobaki. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Mmechoka, familia inataka kurudi ndani, mfuko umekauka, na mtu akikuambia "kazi imeisha" unatamani kuamini.

Naanza na yangu, jiko na bafu. Tangu siku ya kwanza tuliandikiana kwamba asilimia 10 ya malipo inabaki kwangu mpaka kasoro zote zirekebishwe. Fundi alipotangaza kumaliza, nikamwomba tuzunguke chumba kwa chumba mchana kweupe, mimi na karatasi na kalamu, yeye na ile selotepu ya karatasi ya kuzuia rangi. Kila palipokuwa na tatizo alibandika kipande. Mlango unasugua fremu kwa juu, kitasa kinacheza, rangi imedondokea kioo cha dirisha, skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta, juu ya sakafu) imeachana na ukuta.

Kwenye karatasi tuliandika mahali hasa, nani anarekebisha na lini. Ukiandika "bafu halijakaa vizuri" mtagombana. Ukiandika "ukuta wa kushoto, kigae cha 3 kutoka mlangoni, kona imemeguka" hakuna cha kubishana. Tukasaini wote wawili. Fundi naye alifurahi, kwa sababu baada ya saini sikuwa na haki ya kumwongezea kazi nyingine juu ya ile orodha. Kipande cha mwisho kilipobanduliwa nilimlipa palepale, na naamini hilo ni deni la haki: ukishikilia hela ya mtu kwa makubaliano, iachie kwa makubaliano.

Karibuni. Nyie mlimalizaje?

Mama wa Watatu

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nitasema habari ya maji tu, kwa sababu ndiyo yanayoharibu nyumba kimyakimya.

Bafu letu lilipokamilika lilikuwa zuri kwa macho. Kabla ya kulipa nikamwaga ndoo nzima ya maji sakafuni, nikasimama mlangoni kuangalia. Nusu yakaenda kwenye tundu la kutolea maji, nusu yakaja miguuni kwangu, na mengine yakatuama nyuma ya choo. Fundi akasema yatakauka yenyewe. Nikamjibu kwa upole kwamba sakafu ya bafu inatakiwa kuteremka kuelekea kwenye tundu, na kwamba maji yanayolala hapo kila siku yatapenya kwenye viungo vya vigae. Alinuna, lakini ile safu ya nyuma aling'oa, akatengeneza mteremko upya. Kama ningekuwa nimemaliza kumlipa, nadhani tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Sinki pia msilijaribu kwa kufungua koki kidogo. Lijazeni mpaka juu, halafu mwachie maji yote kwa mkupuo. Kabla ya hapo zungushieni karatasi kavu ya chooni kwenye viungo vya bomba chini ya sinki. Tone likitoka, hata dogo kiasi gani, karatasi inabadilika rangi palepale. Kwetu kiungo kimoja kilikuwa kinavuja, na kwa macho ya kawaida hakikuonekana.

Vigae navyo nilivigonga kimoja kimoja kwa sarafu. Kinachotoa sauti ya uwazi, saruji au gundi haikushika vizuri chini yake.

Fundi Bomba

Dada hapo juu umeongea kifundi kabisa. Ongezeni na hili: fungeni koki zote ndani, msitumie choo, angalieni mita ya maji, kaeni muda, mrudi kuiangalia. Ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanatoka, pengine ndani ya ukuta.

Jingine nimelikuta kwenye nyumba nyingi ninazoitwa baada ya watu kuhamia: bomba la maji machafu limeziba na nyumba ni mpya. Vibarua waliosha ndoo za saruji na grauti (ile ya kujazia nafasi kati ya vigae) ndani ya bafu au choo. Wengi hudhani maji yataisukuma. Saruji haihitaji kukauka ili iwe ngumu, inagandia humohumo ndani ya maji. Pangeni mapema mahali pa kuoshea vyombo nje.

Na kwa upande wetu mafundi, jamani, mwenye nyumba akiona wazo jipya siku ya mwisho, hiyo ni kazi mpya na ina bei yake. Msitumie hela iliyobaki kutufunga.

Mpangaji Zamani

Umeme: nilimtaka fundi aandike jina kwenye kila swichi ya boksi kuu. Jiko, soketi za sebuleni, taa za nje. Tukazima moja moja na kuangalia nini kimezimika. Mbili zilikuwa zimeandikwa kinyume. Soketi zote nilizijaribu kwa taa ya mezani, na ile swichi ya usalama yenye kitufe cha majaribio alikibonyeza mbele yangu, ikakata.

Kijana wa Rangi

Kuna mtu atawaambia mulike kuta kwa tochi usiku. Mimi sikubaliani. Tochi ukiilaza sambamba na ukuta, hata ukuta bora utaonekana una mabonde. Kagueni kwa mwanga mtakaoishi nao.

Mama wa Watatu

Nakuunga mkono, ila ukuta wenye dirisha kubwa pembeni linaloelekea mashariki unamulikwa hivyo hivyo na jua kila asubuhi. Huo ukaguliwe asubuhi. Halafu nikuulize, ukuta naweza kuuosha lini? Watoto wameshaanza kuuchora.

Kijana wa Rangi

Rangi ya maji inakauka kwa saa chache, lakini kukomaa inachukua kama wiki 2 hadi 4. Kwa sasa futa taratibu kwa kitambaa chenye unyevu, usisugue.

Mtunza Kumbukumbu

Kabla ukuta haujapigwa plasta nilipiga picha mabomba na nyaya zote, na kwenye kila picha nimenyoosha futi ya kupimia kutoka kwenye kona ya chumba. Juzi nilitaka kutoboa ukuta wa jikoni kutundika kabati, nikafungua picha, nikakuta bomba linapita palepale nilipokuwa nimeweka alama.

Vigae vilivyobaki nimehifadhi pamoja na boksi lake, kwa sababu namba ya toleo ikiwa tofauti rangi nayo inaweza kutofautiana. Kopo la rangi nimepiga picha lebo. Na kabla ya malipo ya mwisho nilimwomba mkandarasi risiti za kuonyesha vifaa vyote vimelipwa, nisije kudaiwa na muuza vifaa baadaye.

Mwanzisha uzi

Hiyo ya futi kwenye picha naichukua, kuna dari tunafunga wiki ijayo na nyaya bado zinaonekana. Aliyewahi kupokea kazi ya paa atuambie alikaguaje kabla ya mvua.