Chombo cha maua cha mpingo kimepata ufa, na picha zake hazifanani nacho: naomba ushauri

FundiWaLindi: Habari za kazi, mafundi wenzangu. Mwezi uliopita nilikereza chombo changu cha kwanza cha maua, kimo sentimita 24 na kipenyo sentimita 12, kutokana na gogo la mpingo ambalo niliambiwa ni kavu. Niliacha utepe wa ubao mweupe wa nje upite ubavuni kutoka shingoni hadi kitakoni, kwa sababu umanjano wake ukikaa kando ya weusi wa kiini hupendeza kuliko nakshi yoyote ambayo ningeweza kuichonga. Baada ya siku 9 nikaona ufa mwembamba kama unywele, unaoanzia mdomoni na kushuka sentimita 3 upande mweusi, na utepe nao umekuwa wa kijivu kana kwamba umepakwa masizi. Mama mmoja wa Unguja ameomba picha kabla ya kununua, lakini kila nikipiga kwa simu usiku, kwa flashi, weusi unatoka kijivu na katikati kunabaki doa linalong'aa kama plastiki. Nifanye nini? Sitaki kumwuzia mtu kitu chenye kasoro iliyofichwa.

MzeeWaMsasa: Pole, fundi. Ulipopiga msasa, mashine ilikwenda mwendo gani, na chombo kilikuwa na joto?

FundiWaLindi: Shikamoo, mzee. Mwendo ulikuwa ule ule wa kukerezea, na kilipata moto hata nikawa nabadilisha vidole.

MzeeWaMsasa: Marahaba. Basi ufa huo una sababu mbili. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, na unyevu wake hutoka polepole mno, kiasi kwamba gogo linaloonekana kavu kwenye ncha huweza kuwa bichi katikati hata baada ya miaka. Juu ya hapo, joto la msasa limekausha ngozi ya nje ghafla ilhali ndani bado kuna maji, na ngozi inayosinyaa peke yake haina budi kupasuka. Safari ijayo kereza kwanza umbo la jumla, uache ukuta wa unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani milimita 12 kwa chombo kama hicho, upake nta mahali nyuzi zilipokatwa kukingama, kisha ukifunge katika mfuko wa karatasi mbali na upepo na jua. Kipime kila wiki kwenye mzani wa jikoni na uandike uzito kwa penseli juu ya mfuko. Uzito ukikoma kupungua, kirudishe kwenye mashine. Hiki cha sasa usikikimbilie kwa gundi. Tia alama ya penseli pale ufa unapoishia, usubiri wiki nne, na usipoivuka alama hiyo, shindilia unga wa mpingo wenyewe ndani ya ufa, udondoshee supaglu nyepesi, kisha ikikauka upige msasa kwa mkono.

BintiMkerezaji: Kijivu hicho ni vumbi la kiini lililosukumwa na msasa ndani ya vinyweleo vya ubao mweupe. Mimi nilikuwa nikilifuta kwa spiriti, hadi nilipotambua kwamba spiriti ndiyo inayoyeyusha rangi ya kiini na kuisambaza. Sasa nanoa bobari (patasi ya mviringo ya kukerezea) vizuri ili msasa uanzie namba 240, ambao ni laini, napaka shelaki (aina ya vanishi) kwenye weupe peke yake kwa brashi ndogo kabla ya msasa, na baada ya kila namba napuliza vumbi kwa kompresa. Utepe wako ukwangue kwa ukingo wa kipande cha kioo, ukifuata nyuzi, na uvae barakoa, maana vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

MpigaPichaTanga: Flashi izime kabisa. Simu ikiona weusi mwingi hudhani kuna giza, ikauongezea mwanga mpaka uwe kijivu. Weka chombo ubavuni mwa dirisha lililofunikwa shuka jeupe jembamba, na upande wa pili usimamishe karatasi ya manila nyeupe. Mng'ao wake utachora mstari mrefu kwenye ukingo, na huo ndio utakaomwonyesha mtazamaji mviringo wa chombo. Nyuma weka kitambaa cha kijivu. Simu iwe usawa wa tumbo la chombo, nawe urudi nyuma hatua mbili na kuikuza picha (zoom) mara 2, kwa kuwa ukisogea karibu mdomo huvimba na kitako hunywea. Gusa utepe mweupe kwenye skrini, ushushe mwanga mpaka nyuzi zake zionekane. Ufa nao upigie picha yake, ukiwa na rula kando.

FundiWaLindi: Nawashukuru nyote. Alama ya penseli nimeshaiweka, na asubuhi hii nimepiga picha kama nilivyoelekezwa. Kwa mara ya kwanza weusi umetoka mweusi. Picha ya ufa pamoja na rula nimemtumia yule mama. Amekubali kusubiri mwezi mmoja, ila ameuliza kama ataweza kutia maji.

MzeeWaMsasa: Asitie. Mwambie atumie maua makavu, au umwekee mrija wa kioo ndani, maji yakae humo.