Naomba ushauri: mota na betri ya lori la rimoti la mashindano

Habari zenu wakuu. Nina lori la rimoti la kipimo cha 1/10, linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma. Lina mota ya kaboni (yenye brashi) na betri ya NiMH ya volti 8.4. Uwanja wetu ni wa vumbi, kona nyingi. Dakika kumi tu mota inachemka, haishikiki. Nimeshusha gia ya mota kutoka meno 19 hadi 16. Joto limepungua kidogo ila kasi imekufa, na inaniuma kwa kweli.

Nafikiria mota isiyo na kaboni (brushless) ya kV 3300, yaani mizunguko 3,300 kwa dakika kwa kila volti. Kwa betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 2, volti 7.4, ni kama mizunguko 24,400 kwa dakika. Kwa seli 3 inapita 36,000, nahofia gia za plastiki.

Je, seli 2 zinatosha kushindana? Na kidhibiti mwendo kiwe cha ampea ngapi?