Wadau wa Chuga (Arusha) na Moshi, vifodi vyetu, yaani daladala zetu, mngeanza kurekebisha nini? Braza wangu yuko New York analia na treni

Chalii wa Kwa Idd:
Wakuu habari za jioni. Naandika hii nikiwa ndani ya kifodi hapa Kilombero, siti ya nyuma kabisa dirishani, dakika 25 sasa gari haijatoka na konda bado anaita "Ngaramtoni wawili, wawili tu tunaondoka" wakati mimi kwa macho yangu naona siti nne ziko wazi, na wale wawili waliokaa mbele ni wapiga debe wamekaa kuzugia, gari ikiondoka wanashuka.

Sasa kilichonifanya niandike ni braza wangu. Yuko New York mwaka wa nne, anakaa Bronx kazi yake iko Manhattan, jana katuma voisi ndefu analalamika eti treni imesimama ndani ya handaki dakika 12, wametangaziwa tu kuna treni nyingine mbele basi. Dakika 12! Nilicheka peke yangu kama chizi. Ila baadaye nikawaza, wale wana treni za chini tangu 1904, stesheni 472, zinatembea saa 24 usiku na mchana, na bado mtu analia kwa uchungu kabisa. Kwa hiyo sio swala la kuwa nacho, ni swala la kinavyokuhudumia.

Swali langu, ukipewa kitu KIMOJA tu cha kubadilisha kwenye usafiri wa hapa Arusha au Moshi unaanza na nini? Na tafadhali msiniambie tuchimbe handaki tuweke treni, sisi mvua ya dakika kumi tu mitaro inatushinda.

Mrombo Original:
Mimi naanza na hiyo hiyo ya kujaza. Jioni unasota stendi gari ijae, asubuhi unasota kituoni kwa sababu gari imeshajaa huko ilikotoka. Mimi napandia katikati ya njia, kuanzia saa 12 na nusu kila gari inayopita imefungwa mlango, konda anakupungia mkono tu kama mgeni rasmi. Kwa hiyo tunafanya nini, tunavuka barabara tunapanda gari inayorudi mwisho kabisa tunageuza nayo. Unalipa nauli ya kurudi nyuma halafu unalipa tena ya kwenda mjini, nauli mbili ili upate siti moja, na unapita tena kwenye kile kituo chako unawaangalia majirani zako bado wamesimama pale pale na mabegi. Nimefanya hivyo karibu mwaka mzima. Siku moja nimegeuza nayo ikapata pancha huko huko mwisho, nilifika kazini saa nne.

Mama Soko:
Wanangu mimi sijui mambo ya treni lakini nauza nyanya na hoho, naongea ninachokijua. Mzigo hauna bei. Kiroba kile kile, ruti ile ile, leo buku, kesho buku mbili, na akiwa na hasira anakwambia lipia siti. Nikishalipa siti ya kiroba, njiani akipata abiria anakiondoa kiroba anakiweka miguuni kwa mtu mwingine, na ile hela hairudishi! Halafu kile kiti cha kukunja cha mlangoni, mimi na magoti yangu haya ndio huwa nawekwa pale, kila kituo nashuka kupisha, napanda, nashuka. Nikifika sokoni nimeshachoka kabla sijapanga hata fungu moja. Waandike bei ya mzigo pale mlangoni kama walivyoandika nauli, basi, mimi sitaki kingine.

Niliwahi Kukaa Brooklyn:
Chalii umenigusa. Nimekaa kule New York, upande wa Brooklyn, miaka sita nimerudi 2024, kwa hiyo nimepanda vyote viwili. Braza wako asichekwe sana, ile ya kusimama gizani ina sababu. Sehemu kubwa ya ule mtandao bado inaongozwa na mitambo ya zamani sana, mingine ya miaka ya 1930, haioni treni iko wapi hasa, inajua tu iko ndani ya kipande fulani cha reli, kwa hiyo inabidi ya nyuma iachiwe nafasi kubwa. Laini ya L na ya 7 zimeshabadilishiwa mitambo, kule treni zinafuatana karibu karibu kabisa. Na kubadilisha maana yake wafunge njia, ndo maana wikiendi unafika stesheni unakuta karatasi imebandikwa, laini yako leo haipo panda basi. Kama una kigari cha mtoto au mguu mbovu ndo utalia, stesheni nyingi hazina lifti, ni ngazi tu. Mwaka 2022 ilipatikana suluhu ya kesi ambapo waliahidi asilimia 95 ya stesheni zitafikika kwa wote ifikapo 2055. Elfu mbili hamsini na tano, sijakosea kuandika.

Lakini ngoja niseme ninachokimiss, na sio treni. Kwanza nauli moja, naondoka ilikuwa dola 2.90, uende stesheni mbili au uvuke mji mzima ni ile ile, unagusa simu getini, na ukitoka ndani ya saa mbili ukapanda basi hulipi tena. Hapa mtu wa Moshono akitaka kwenda Sakina analipa mara mbili kwa sababu tu gari zinaishia mjini. Pili ni ile skrini ya dakika. Unashuka ngazi unaona treni yako dakika 4, inayofuata 14. Basi. Hata kama ni 14 roho inatulia, unajua una muda wa kununua kahawa. Ukiniuliza mimi abiria hakasirishwi na kusubiri, anakasirishwa na kusubiri asichokijua. Hapa nikikaa stendi sijui ni dakika tano au arobaini, na nikishuka nipande nyingine labda ile niliyoshuka ndo inaondoka kwanza.

Konda Mstaafu:
Naona tunapigwa mawe humu, ngoja niwaambie upande wa pili, nimekaa mlangoni miaka tisa.

Gari sio ya dereva. Gari ya bosi, na bosi anataka hesabu kila siku jioni. Enzi zangu ilikuwa elfu 50 mkononi, hapo mafuta juu yetu, kuosha gari juu yetu, mpiga debe anachukua chake kila ukitoka stendi, na trafiki akikuandikia faini hiyo ni yenu wawili. Ikishatoka hesabu na mafuta ndio kinachobaki dereva na mimi tunagawana. Kuna siku tulitoka na elfu nne kila mtu baada ya kuamka saa kumi alfajiri. Sasa niambie, saa tano mchana watu hawapo, ukitoka na siti sita wazi umechoma mafuta ya bure, kwa hiyo unajaza. Jioni ukiona foleni Sakina imekaza unakatisha ruti unageuza, sio roho mbaya, ni hesabu haijatimia na saa mbili usiku bosi anapiga simu. Na siku dereva amechoka anampa deiwaka, dereva wa kushikia kwa muda, huyo sasa ndo anakimbiza kwelikweli maana ana masaa manne tu ya kutafuta ya kwake.

Huyo ndugu wa Brooklyn namuuliza, dereva wa treni kule analipwa kwa kichwa cha abiria?

Niliwahi Kukaa Brooklyn:
Hapana mkuu, mshahara. Treni iwe na watu elfu au iwe tupu saa tisa usiku na jamaa mmoja amelala, dereva analipwa kile kile na muda wake wa kutoka ukifika anatoka. Umemaliza kazi yangu ya kuelezea.

Meku wa Kiboriloni:
Aisee watu wa Arusha mnateseka sana, poleni. Huku Moshi mji mdogo, Kiboriloni mpaka stendi hata sijamaliza kusoma meseji nimefika. Shida yetu ni usiku, mgonjwa wako akilazwa hospitali ya KCMC ukatoka kumuona saa tatu hamna gari, unabaki na bodaboda, na yeye anaiangalia sura yako kabla ya kutaja bei.

Ila mimi nina wazo, msinicheke. Reli ipo! Mjerumani aliileta Moshi kabla ya vita kuu ya kwanza, ikafika Arusha 1929, ikalala miaka mingi halafu ikafufuliwa, 2020 treni ya abiria kutoka Dar ikarudi mpaka Arusha. Si wangeweka behewa mbili tatu asubuhi na jioni, Moshi, Usa, Arusha? Kilomita 80 na kitu tu hizo, na kuna watu kila siku wanafanya kazi huko wanalala huku.

Mrombo Original:
Meku reli ile ni njia moja, treni zikutane wapi? Na stesheni ya Arusha ukishuka bado unahitaji kifodi, na kifodi kinajaza 😂

Meku wa Kiboriloni:
Nilisema msinicheke.

Ticha Mstaarabu:
Hakuna aliyetaja wanafunzi? Mimi nafundisha, saa moja na nusu darasa langu nusu halipo, na sio uzembe, wameachwa vituoni maana denti ana nauli yake ndogo na konda anachukua "denti mmoja tu". Kuna mtoto wangu wa form two anatembea, anasema kutembea anajua atafika saa ngapi. Nikikumbuka hiyo kauli nikasoma na habari ya skrini hapo juu naona ni kitu kile kile. Konda Mstaafu nakuheshimu kaka lakini kwa hili mmetuumiza.

Konda Mstaafu:
Mwalimu hapo sina utetezi. Kwenye siti moja denti analipa nauli ya mtoto halafu hesabu ya bosi ni ya mtu mzima. Nimewaacha wengi. Sasa hivi wa kwangu mwenyewe anaachwa.

Chalii wa Kwa Idd:
Nimefika home wakuu, nimesoma yote. Nilivyoanza nilitaka tu tuwaseme makonda, sasa naona hata ukileta gari mpya zenye AC kama hesabu ni ile ile zitajaza vile vile, tutasubiri kwenye baridi tu. Kwa hiyo changu kimoja nabadilisha, gari zitoke kwa saa. Ushirika wa wenye magari ukusanye hela zote pamoja, dereva na konda walipwe siku, asubuhi gari mbili zianze zikiwa tupu kutokea katikati ya njia ziwaokoe kina Mrombo. Hapo tu. Ila hela ya kufidia zile trip za mchana zisizojaa inatoka wapi, hapo ndo nakwama.

Niliwahi Kukaa Brooklyn:
Kule Januari 2025 walianza kutoza magari binafsi yanayoingia Manhattan ya kusini, chini ya mtaa wa 60, dola 9 mchana, na ile hela inaenda kukarabati treni na mabasi. Watu walipiga kelele sana mwanzoni. Hapa sisemi tufike huko, ila V8 moja na mtu mmoja ndani anachukua nafasi ya kifodi kizima pale Clock Tower, akichangia kidogo kwenye parking hatakufa.

Mrombo Original:
Mwenye V8 ndo anayepanga hiyo bei chalii wangu.

Mama Soko:
Samahanini naingilia, nyie mnaojua magari. Jumamosi soko la Tengeru nataka niwahi kabla ya wa jumla hawajamaliza vitu vizuri, gari ya kwanza kutoka mjini inatoka saa ngapi? Jumatano nilikuja saa 11 nikaambiwa ya kwanza imeshaondoka.

Konda Mstaafu:
Mama ya kwanza haina saa, ila siku ya soko njoo saa kumi na nusu, zile gari zinazolala mjini ndo zinatoka hapo na zinajaa haraka. Kaa mbele kwa dereva usikubali kile kiti cha kukunja. Na kiroba ukipatana bei patana kabla hakijapanda juu, kikishapanda huna nguvu tena.