Siku tano hotelini tunabandika vikaratasi ukutani, PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi) bado tunajaziwa na kijana wa steshenari

Wakuu, salaam.

Nina hasira hii tangu Ijumaa jioni, na nisipoiandika hapa nitaimalizia kwa mke wangu ambaye hana kosa lolote. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa posho. Huu ni wa jambo lingine, ingawa posho nayo nitaigusa.

Mimi ni mtendaji wa kata, halmashauri ya wilaya ambayo sitaitaja kwa sababu mshahara wangu bado naupenda. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Wiki iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu 60 tulioitwa mjini kwenye mafunzo ya ujuzi wa kidijitali na utendaji wa "ajaili" (agile, kufanya kazi kwa hatua fupi fupi na kurekebisha mnavyokwenda) kwa watumishi wa serikali za mitaa. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi, chai ya saa 4 yenye sambusa mbili na yai. Niliingia kwa bahati tu, aliyepangwa yuko likizo ya uzazi.

Niseme ukweli, nilienda nimefurahi. Nilibeba daftari lenye maswali ukurasa na nusu. Nikajua leo ndiyo leo.

Mwezeshaji ni kijana mtanashati, mpole, sina ugomvi naye. Akatugawia vikaratasi vya rangi vyenye gundi nyuma. Akachora safu tatu ukutani: Ya Kufanya, Inafanyika, Imekamilika. Tukafundishwa skramu, yaani namna ya timu ndogo kupanga kazi. Tukafundishwa sprinti, yaani kipindi kifupi cha kumaliza kazi mliyopanga. Tukaambiwa kila asubuhi timu isimame dakika 15, kila mtu aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Mchana tukagawanywa vikundi tujenge mnara kwa tambi kavu na gundi ya karatasi. Watu wazima, mmoja wetu anastaafu Desemba, tumeinama tunashikiza tambi zisianguke. Nyumbani kwangu tambi zile ni futari.

Siku ya pili mzee mmoja, mtendaji mwenzangu kutoka kata ya mbali huko, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu. Mashine yangu ya POS ya kukusanyia mapato haishiki mtandao tangu mwezi wa tatu, na kwenye mfumo nasomeka nadaiwa. Hilo tunalibandika safu ipi?" Ukumbi ukacheka. Mwezeshaji akasema swali zuri sana mzee wangu, liandike, tuliweke pale kwenye ubao wa Maegesho, tutalirudia mwishoni.

Basi kuanzia hapo kila swali lenye nyama lilipelekwa kuegeshwa. Mganga mfawidhi wa zahanati akauliza kuhusu FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za vituo, ikaegeshwa. Mwalimu mkuu akauliza kuhusu NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, ikaegeshwa. Kufika Alhamisi safu nyingine zina vikaratasi vya kuhesabu, Maegesho yamefurika hadi kwenye pazia. Ijumaa mgeni rasmi akachelewa, akaja, akatuasa tukawe mabalozi wa mabadiliko, vyeti, picha ya pamoja, kwaheri. Maegesho hakuna aliyeyarudia. Nilipofuata begi langu nikamkuta dada wa usafi anavibandua vile vikaratasi anavitia kwenye mfuko mweusi. Nikamwomba anisubiri dakika moja, nikapiga picha.

Sasa twende kwenye hesabu. Tangu Julai 2022 kima cha chini cha posho ya kujikimu ni shilingi 100,000 kwa siku. Watu 60, siku tano, chukulia wote tulilipwa kima cha chini (na wakuu wa idara hawalipwi cha chini): milioni 30. Hapo sijagusa ukumbi, chakula, mafuta, wawezeshaji wala yale mabegi yenye nembo. Kariakoo laptopu iliyotumika, nzima kabisa, unaipata kwa laki tano. Gawanya mwenyewe. Inatoka laptopu moja kwa kila aliyekuwa mle ukumbini. Na mimi posho nilichukua, sijifanyi malaika, ada ya mtoto imelipwa. Lakini ningepewa kuchagua, ningechagua laptopu, kwa sababu ofisi ya kata yangu haina kompyuta hata moja. Taarifa ya robo naandika kwenye simu yangu, bando langu.

Na nani walikaa mle ndani? Nusu ya ukumbi ni wakuu wa idara na vitengo, watu ambao mfumo wanaufungua kuidhinisha tu. Mtendaji wa kijiji hakuwepo hata mmoja. Hata mmoja! Yeye ndiye anayesimama mnadani na POS juani. Yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kwenye operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022. Yeye tunamtumia maelekezo kwa PDF kwenye kundi la WhatsApp saa 3 usiku, tunaandika "kwa utekelezaji".

Niwape mfano mmoja ili muelewe kwa nini nina uchungu. Kuna mtendaji wa kijiji kwenye kata yangu, kijana mwaminifu, anaswali, hana makuu. Siku ya mnada mtandao ukawa unazunguka. Akazalisha kontroo namba ya kupeleka makusanyo benki, ikagoma kuonekana, akazalisha nyingine. Akalipa ile ya pili. Ile ya kwanza ikabaki kwenye mfumo kama deni. Hakujua, na mimi bosi wake sikujua. Baada ya wiki mbili jina lake likasomwa kwenye kikao mbele ya madiwani, miongoni mwa waliokula fedha mbichi, yaani makusanyo ambayo hayajafika benki. Miezi mitatu mtu anaitwa mwizi kijijini kwake. Mama yake akauza mbuzi alipe "deni". Siku alipopatikana mtu wa mapato mwenye nafasi ya kumsikiliza, lilikuwa suala la dakika kumi, ankara ikafutwa. Dakika kumi ndugu zangu. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeshaandika zaidi ya mara moja kuhusu POS kukaa nje ya mtandao, na wezi wapo, sibishi, nawafahamu wengine. Lakini mle mle kwenye orodha ya wezi kuna watu ambao hawakuonyeshwa wabonyeze wapi.

PEPMIS ndiyo usiseme. Tulitoka kwenye zile fomu za tathmini za OPRAS tukaingia huku mwaka wa fedha 2023/24, tukaambiwa asiyejaza asilalamike kuhusu kupanda daraja. Sawa. Nani alitufundisha? Video ya dakika sita iliyosambazwa, sauti inakatika. Kilichotokea mnakijua wote humu. Pale senta kwetu kuna kijana ana steshenari, anatoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Shilingi 5,000 anakujazia majukumu yako ya mwaka mzima. Ana daftari la kaunta kuu kuu, nimeliona kwa macho yangu: jina, cheki namba, nywila. Walimu wa shule mbili wamo, wauguzi wamo. Na nywila hiyo ndiyo ya ESS, lango la mtandaoni la watumishi, humo humo mtu anaomba uhamisho na likizo. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watumishi wa kata nzima zimelala kwenye droo chini ya kikokotoo na kadi za salio.

Halafu majukumu aliyowajazia yanafanana. Muuguzi na mwalimu wa darasa la pili wote wana "kuandaa taarifa ya utekelezaji". Wote walipata alama nzuri.

NeST nayo. Ilipoanza kutumika mwaka 2023 hadi shule ya msingi inayonunua chaki ikatakiwa kupitia humo. Nia ni njema, mimi naiunga mkono kabisa, kule kwenye kununua ndiko kulikokuwa kunaliwa. Lakini mwalimu mkuu anapanda bodaboda kwenda mjini, analala gesti ya elfu kumi na tano, anabembeleza mtu amwingizie, anarudi. Akikosea hatua moja, anapanda tena bodaboda.

Jumamosi nikasema ngoja nami niisome hiyo ajaili kwenye mtandao, isije ikawa tatizo ni mimi. Kumbe mwaka 2001 watengeneza programu 17 walikutana Utah, Marekani, kwenye hoteli ya mlimani, wakaandika tamko fupi la mambo manne. La kwanza kabisa linasema watu na mazungumzo yao kwanza, taratibu na zana baadaye. La tatu linasema kushirikiana na mteja. Nikacheka peke yangu. Mteja wa mifumo hii ni nani kama si mimi na yule kijana wa mnadani? Nani aliwahi kuja kukaa pembeni yetu akatazama tunavyohangaika? Somo la ajaili ni la wale wanaotengeneza mifumo, na wale wanaoamua mfumo mpya uanze Jumatatu. Sisi tulioletewa ndio tuliotakiwa kuulizwa. Badala yake wametuchukua sisi wakatufundisha kubandika.

Na hiyo sprinti wanayotufundisha, mtendaji wa kata gani haijui? Saa 2 asubuhi idadi ya kaya zisizo na vyoo, "kabla ya saa 6". Saa 5 orodha ya madawati. Saa 8 mkuu yuko njiani, wananchi wakusanyike. Tunasimama tangu asubuhi, si dakika 15.

Lile jambo la nne kwenye tamko la Utah linasema kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Haya. Bajeti yangu imepita kwenye vikao vya wananchi vya fursa na vikwazo vijijini, ikapita WDC (kamati ya maendeleo ya kata), ikapita baraza la madiwani, ikaingizwa PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, na kifungu chake. Mvua zimekata kalavati mwezi wa kwanza, mimi nina fedha kwenye kifungu cha viti. Niliuliza hilo ukumbini. Mnajua lilikokwenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii inajua kufundisha watu. Sensa ya Agosti 2022, makarani walikaa darasani zaidi ya wiki mbili, wilayani kwao huko huko, mkononi wameshika kishkwambi cha aina ile ile watakayokwenda nayo nyumba kwa nyumba, maswali yale yale. Hakuna aliyejenga mnara wa tambi. Na walikuwemo watoto waliomaliza form six na walimu wa miaka 50, wakafanya.

Mimi sitaki makubwa. Afisa TEHAMA wa halmashauri apewe mafuta na siku mbili kila kata. Aje akae na sisi ofisini, kila mtu afungue akaunti yake mwenyewe na madeni yake mwenyewe, tuyatatue pale pale. Arudi baada ya mwezi. Atuachie namba ambayo ikipigwa inapokelewa. Tunacho chuo kizima cha serikali za mitaa pale Hombolo, wanafunzi wake wakija mafunzo kwa vitendo waleteni kata zetu na laptopu zao, watajifunza na sisi tutajifunza. Hiyo milioni 30 ingetembea halmashauri nzima na chenji ingebaki.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameandika hapo chini kwamba tatizo ni sisi watumishi wazee hatutaki teknolojia. Mkuu, yule mzee wa POS niliyemtaja ana miaka 57, anatuma na kupokea pesa kwa simu kila siku, anatuma voisi za WhatsApp ndefu hadi unatamani kumbloku, na Jumamosi anabeti. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hakuna aliyempeleka bibi yangu hotelini. Kulikuwa na wakala chini ya mwembe, ukikosea unamfuata, anakuonyesha, kesho unakosea tena, anakuonyesha tena. Mfumo gani wa halmashauri una mtu wa hivyo chini ya mwembe? Unao yule wa steshenari tu, kwa elfu tano.

NYONGEZA 2: Wengi mmeomba ile picha ya Maegesho. Siiweki, miandiko ya watu inajulikana. Ila nimevisoma vyote, vinavyosomeka ni 43. Baadhi ninavinakili hapa kama vilivyo, mwenye ndugu pale Dodoma ampelekee:

"Msimamizi wangu amehama, PEPMIS inaendelea kumsubiri yeye aidhinishe. Nifanyeje?"

"POS ikizima chaji mnadani niandike wapi?"

"Dawa zimepokelewa zahanati, kwenye GoTHoMIS hazipo, mgonjwa nimwambie zipo au hazipo?" (GoTHoMIS ni mfumo wa vituo vya afya.)

"Naomba kufundishwa kubadilisha nywila bila mtu mwingine kuiona."

"Kijiji changu hakina umeme. Asante."

"Hii posho inaingia lini?"

"Nimekosea kuingiza sifuri moja mwaka jana mwezi wa tisa. Nimeogopa kusema."