Naomba ushauri: michezo ya video yenye diski nyingi ni usumbufu au ni thamani?

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Nimempata muuzaji mwenye Final Fantasy VII, ile ya PlayStation iliyotoka mwaka 1997, diski zote tatu zikiwa ndani ya kasha lake, ila bei yake ni kubwa kuliko ya kuupakua mchezo huohuo kwenye mashine ya sasa.

Naelewa kuwa wingi wa diski ulitokana na ufinyu wa CD, ambayo hubeba takriban megabaiti 650 tu, huku vipande vya video vikimeza nafasi kubwa. Hata hivyo, kwangu mimi ule ujumbe unaokutaka uweke diski ya pili una raha yake, kwa sababu unakujulisha kwamba sehemu nzima ya hadithi imekwisha. Na kasha nene, tuseme ukweli, linapendeza kwenye rafu. Raha hiyo siioni katika Red Dead Redemption 2 ya PlayStation 4 (2018), ambayo diski moja ni ya kusakinisha data na nyingine ndiyo ya kuchezea.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba diski moja tu ikikwaruzika, mchezo unaweza kukwama katikati, na kuipata hiyo moja peke yake si rahisi. Kwa mliowahi kununua seti za namna hii zilizokwisha kutumika, mlizikaguaje kabla ya kulipa? Na je, mtu anayetaka kucheza kweli, wala si kuweka pambo, achukue diski au apakue?