Glikojeni au mafuta: ghala lipi la nishati ni bora kwa mwili?

Mbavu12
Wakuu, tunajiandaa na mtihani wa anatomia, sehemu ya seli na kemia ya mwili, na kikundi chetu cha kujisomea kimegawanyika. Kati ya glikojeni (wanga wa akiba mwilini, yaani glukosi nyingi zilizounganishwa) na mafuta, lipi ni ghala bora la nishati? Mimi niko upande wa mafuta. Gramu moja ya mafuta inatoa kama kilokalori 9, ya wanga inatoa 4. Hesabu imeisha, au sivyo? Na kama imeisha, kwa nini mwili unajisumbua kutunza glikojeni?

Bi_Kemia
Haijaisha, tena umejipunja mwenyewe. Glikojeni haikai kavu. Kila gramu yake inashikana na gramu kama 3 za maji. Chukua mtu wa kilo 70 mwenye kilo 12 za mafuta mwilini: hizo ni kilokalori 108,000. Ukitaka kuziweka zote kama glikojeni utahitaji kilo 27 za glikojeni yenyewe, na juu yake kilo 81 za maji. Jumla kilo 108 mahali pa zile 12. Huyo angeinuka kitandani? Mafuta hayapatani na maji, ndiyo maana yanafungashwa peke yake.

Hadubini
Na hilo unaliona kwa macho. Seli ya mafuta meupe ni tone moja kubwa, kiini kimesukumwa ukingoni kikabanwa kama kito kwenye pete. Katikati panaonekana peupe kwa sababu mafuta yaliyeyuka yakaondoka wakati kipande kinaandaliwa kwa alkoholi na zailini. Seli ya ini haifanani nayo hata kidogo: glikojeni imetapakaa kwa punjepunje ndani ya saitoplazimu (ute unaozunguka kiini cha seli), na ukiipaka rangi ya PAS inageuka magenta.

Mbavu12
Basi nimeshinda 😀

Mzee_wa_Mitokondria
Taratibu, kijana. Ghala si ukubwa tu, kuna na mlango wa kutokea.

Mafuta hayachomwi bila oksijeni. Asidi ya mafuta, yaani kipande cha mafuta yaliyovunjwa, lazima iingie mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, na oksijeni ikikosekana huko hupati kitu. Glukosi inaanza kuvunjwa nje, kwenye saitoplazimu, na kila molekuli inakuachia ATP 2 (ATP ni sarafu ya nishati ya seli) hata kama oksijeni haipo. Ni chache ukizilinganisha na zile 30 hivi za njia ndefu yenye oksijeni, lakini zinakuja haraka. Anayetimua mbio fupi kwa nguvu zote hana muda wa kusubiri mafuta.

Halafu uliza nani anakula nini. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini wala mitokondria. Mafuta itayachomea wapi? Ubongo nao unatumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na kwa asidi za mafuta hauendeshwi. Njaa ikirefuka, ini linatengeneza ketoni kutokana na mafuta na ubongo unazipokea. Chembe nyekundu hata hizo haziwezi kuzitumia.

Na msije mkaandika kwamba mafuta yatageuzwa glukosi. Asidi za mafuta zinaishia kuwa vipande vidogo viitwavyo asetili-koenzaimu A, na kwa binadamu hakuna njia ya kutoka hapo kurudi kwenye glukosi. Inayoweza ni gliseroli, yaani kile kipande kidogo kinachozishika asidi tatu pamoja.

Fundi_Misuli
Nyongeza kidogo. Glikojeni nyingi iko kwenye misuli, gramu 400 hivi, wakati ini lina kama 100. Kwa hiyo sukari ya damu ikishuka, misuli ndiyo inayouokoa ubongo.

Bi_Kemia
Hapo umeteleza, na ndipo watunga mitihani wanapopenda kutega. Karibu glukosi yote inayokatwa kwenye glikojeni inatoka ikiwa na fosfeti mgongoni, na ikiwa na fosfeti haivuki utando wa seli. Kimeng'enya cha kuibandua, glukosi-6-fosfatesi, ini linacho, misuli haina. Msuli ni mchoyo: ulichoweka unakula wenyewe. Ukijikakamua sana unatoa laktati (mabaki ya glukosi iliyovunjwa), ini linaichukua na kuitengeneza glukosi upya, lakini ini ndilo limefanya kazi hiyo.

Fundi_Misuli
Sawa, nimekubali. Nilihesabu gramu nikasahau kimeng'enya.

Chipukizi
Samahani, swali la kijinga labda. Kama glukosi ndiyo inayotakiwa, kwa nini seli isiihifadhi ilivyo? Kuiunganisha kuwa glikojeni kunagharimu nishati, halafu tena uibomoe.

Mzee_wa_Mitokondria
Si la kijinga. Hilo ndilo swali bora kuliko yote humu, likiwemo la mwenye uzi.

Jibu ni osmosisi, yaani maji kuvuka utando kuelekea upande wenye chembe nyingi zilizoyeyuka. Glukosi iliyofungwa kwenye glikojeni ya ini, ukiiachia yote huru, ingefika kama milimoli 400 kwa lita. Kwenye damu, glukosi ni kama 5, na vitu vyote vilivyoyeyuka ukivijumlisha ni kama 300. Maji yangemiminika ndani ya seli mpaka ipasuke. Sasa unganisha maelfu ya glukosi kuwa molekuli moja: osmosisi inahesabu idadi ya chembe, haijali ukubwa wake, kwa hiyo maelfu yale yanahesabiwa kama moja. Seli inalipa gharama ya kuunganisha ili isilipuke.

Na kwa nini matawi? Kimeng'enya kinakata kuanzia kwenye ncha. Uzi ulionyooka ungekuwa na ncha moja ya kukatia. Mti wenye matawi una ncha nyingi, zinakatwa zote kwa wakati mmoja. Ndipo haraka ya glikojeni inapotoka.

Chipukizi
Nimeelewa kwa mara ya kwanza. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika tu "ina matawi".

Hadubini
Ukipata picha ya hadubini ya elektroni, tazama seli ya ini. Punje za glikojeni zinakaa kwa mafungu kama maua ya waridi, mara nyingi jirani na retikulamu laini (mtandao wa vijia vya utando ndani ya seli), na ile glukosi-6-fosfatesi ya Bi_Kemia iko kwenye utando wa retikulamu hiyo.

Mbavu12
Nimerudi kwenye michoro yangu ya maabara. Seli ya mafuta niliichora duara tupu, na chini yake nimeandika kwa kalamu ya wino: "seli iliyokufa". Mwenye kifutio cha wino aniazime.