Babu Mjerumani, cheti cha mama, na EER iliyorudishwa

Mjukuu wa Korogwe:

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Bahasha yangu imerudi leo asubuhi kutoka ofisi ya uraia ya Ujerumani, nene vilevile kama ilivyokwenda. EER ya mama na yangu (fomu ya kuchukua uraia wa Ujerumani kwa tamko), AV zote (viambatisho vya wazazi na babu), tafsiri za mkalimani aliyeapishwa (bei yake mnaijua). Barua ya ukurasa mmoja: ubaba haujathibitishwa.

Kisa kwa ufupi. Mama kazaliwa 1956 kwenye shamba la mkonge, Korogwe. Baba yake alikuwa fundi wa korona, yaani ile mashine ya kuchakata mkonge, siyo ugonjwa. Bibi ni Msambaa. Hawakuoana. Babu aliondoka mama ana miaka minne, akawa anatuma barua na hela za shule kutoka Lübeck. Cheti cha mama kilitoka 1998, usajili wa kuchelewa. Jina la babu limo, ila karani kaliandika kwa sikio: ile "sch" ya mwanzo imekuwa "s" tupu. Kitabu cha ubatizo cha usharika kina jina sahihi, na chini yake pana saini ya babu mwenyewe.

Swali langu ni moja tu: kuna mtu humu ambaye saini kama hiyo ilikubaliwa kuwa babu alimkiri mtoto? Au ni mahakamani moja kwa moja? Mama anaelekea sabini.

Mama wa Altona:

Pole sana mdogo wangu. Natumaini hukupeleka nakala halisi. Usipeleke nakala halisi KAMWE. Shemeji yenu ni mtoto wa mama Mjerumani na baba wa Unguja, kazaliwa 1962. Tulijaza EER hiyohiyo, tukangoja miaka miwili na ushee, tukaulizwa mara tatu cheti cha ndoa cha bibi yake, na mwisho cheti cha uraia kikatoka. Vumilia tu.

Kaka wa Kassel:

Dada, usimchanganye mwenzio. Upande wa mama ni habari nyingine kabisa. Shemeji alinyimwa kwa sababu wanawake wa Kijerumani walioolewa na wageni hawakuwa wakirithisha uraia kama wanaume. Mpaka wa hilo ni waliozaliwa kabla ya 1 Januari 1975. Huyu ni upande wa baba asiyeoa, mpaka wake ni 1 Julai 1993, na hapo ubaba lazima usimame kwa sheria za Kijerumani. Kwa shemeji nani angeuliza mama ni nani? Alimzaa. Na wote wawe wamezaliwa baada ya 23 Mei 1949, na mlango unafungwa 19 Agosti 2031. Yule aliyeandika humu mwezi uliopita kwamba "sasa ni kwa kila mwenye babu" alipotosha watu.

Halafu kwa nini hukujaza fomu F na kiambatisho chake, Anlage V?

Mama wa Altona:

F ni ya mtu ambaye tayari ni raia na anataka kuthibitishiwa. Soma kwanza ndipo ukosoe, kaka yangu.

Mzee wa Wuppertal:

Marahaba, mjukuu. Nikuulize kitu, na usinichukie: una hakika babu alikuwa Mjerumani? Kwenye mkonge Wagiriki walijaa, Waswisi nao walikuwepo, na kwa manamba kila mzungu mkali aliitwa Mjerumani. Baba yangu alikuwa karani Muheza, hadithi hizo nimezinywa na chai. Mkonge wenyewe aliuleta Hindorf mwaka 1893, miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Ukipita leo kati ya Segera na Tanga ukaona ile mistari imenyooka hadi milimani, kumbuka 62.

Kumbukumbu za Wajerumani ziko Berlin, Lichterfelde, fungu la R 1001. Anzia hapo.

Kaka wa Kassel:

Mzee, kwa heshima zote, R 1001 ni ya wizara ya makoloni. Mwaka 1956 bendera ilikuwa ya Mwingereza. Atamtafuta fundi wa korona kwenye makaratasi ya Kaiser?

Mzee wa Wuppertal:

Nilikuwa sijamaliza. Kama usharika ni wa Kilutheri wa Usambara, ujue wamisionari wa Bethel, shirika la misheni la Kijerumani, walifika Mlalo 1891, na makaratasi ya Bethel sasa yapo hapa kwetu Wuppertal. Huenda mchungaji aliandika kuhusu mtoto huyo. Wachungaji waliandika kila kitu, hata visivyowahusu.

Mkenya wa Bremen:

Si mfanye DNA tu? Mimi pointi faivu niliyejua ni pointi faivu, baba Mjerumani, mama wa Voi, basi. Nikatema mate kwenye kichupa, nikaambiwa nina damu ya Punjab. Kumpigia mama simu, kimya, halafu: "Ah, huyo ni babu yake bibi, wa reli." Wahindi kama 32,000 waliletwa kujenga ile reli 1896 hadi 1901, na mmoja wao hakuona haja ya kuniachia taarifa.

Mama wa Altona:

DNA peke yake haikupi karatasi. Na kumpima mtu kisirisiri hapa ni marufuku tangu 2010.

Mjukuu wa Korogwe:

Babu ni Mjerumani, Mzee, pasi yake ninayo picha. Kuna mjomba Lübeck, mtoto wake wa ndoa. Nilimwandikia. Alijibu kwa adabu kwamba hataki "mambo ya zamani". Ana pua ya mama.

Kaka wa Kassel:

Hata ukifanikiwa, fikiria. Mama akiipata hii, uraia wa Tanzania unakwenda, na asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi. Kile kiwanja cha bibi je? Msiniletee Hadhi Maalum, ile ya wenye asili ya Tanzania walio raia wa nje, hiyo siyo uraia.

Mkenya wa Bremen:

Sisi tuna uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010 na nchi haijaanguka. Nyinyi mnaogopa nini?

Mzee wa Wuppertal:

Tunaogopa machotara wenye pasi mbili, ndugu yangu. Natania.

Dada wa Leipzig:

Hilo neno, Mzee. Nimeitwa chotara shuleni Moshi mpaka darasa la saba, na hapa naulizwa natoka wapi "hasa". Sicheki.

Mzee wa Wuppertal:

Nisamehe, binti yangu. Mke wangu mwenyewe ni mchanganyiko na hujiita hivyo kwa mbwembwe, nikadhani ni letu sote.

Dada wa Leipzig:

Akijiita mwenyewe ni lake. Yameisha, Mzee.

Korogwe, kuhusu cheti: mama yangu naye alisajiliwa kwa kuchelewa. Miaka ile mtoto wa Kiafrika hakuwa analazimika kusajiliwa, na mtoto mchanganyiko hakujulikana aandikwe daftari lipi. Waeleze hivyo, maana hapa wanadhani cheti cha 1998 ni cha kughushi.

Mjukuu wa Korogwe:

Ahsante dada. Nimemsomea mama barua yao kwenye simu, neno kwa neno. Kanyamaza, kisha kaniuliza kama huku kumeshaanza baridi, na kama bado nafunga ile skafu ya bibi. Uraia ni mimi ndiye niliyemshawishi. Yeye anachotaka ni jina liandikwe na ile "sch".

Kaka wa Kassel:

Samahani nje ya mada: kuna anayekwenda Dar mwezi ujao? Nina dawa za presha za mzee, nusu kilo haifiki.

Mjukuu wa Korogwe:

Mimi naenda, niletee, kilo mbili zipo. Ila nani amewahi kupeleka saini ya kitabu cha ubatizo?

Mama wa Altona:

Kama unashuka Dar, kuna na viatu vya mtoto wa dada yangu, vidogo tu.